Uzi: Nanotyubu za kaboni ndani ya epoksi – kiasi gani, zinatawanywa vipi, na kwa nini mabamba mengi hayapati nguvu yoyote

#1 · Resini_na_Faiba

Wakuu, swali hili linarudi kila baada ya muda: ukitia nanotyubu za kaboni kwenye epoksi, ile resini inayoshika faiba, bamba la faiba ya kaboni linapata nguvu mara mbili? Halipati. Lakini zipo kazi ambazo nanotyubu zinazifanya vizuri ajabu kwa uzito mdogo, na inauma mtu anaponunua unga wa bei kubwa, anaukoroga kwa kijiti, anapata bamba dhaifu kuliko la mwanzo, halafu anatangaza kwamba nanotyubu ni porojo. Tuliweke sawa hapa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Nanotyubu ni karatasi ya atomu za kaboni iliyoviringwa ikawa mrija. Dunia ilizishika kwa nguvu baada ya Sumio Iijima wa NEC, Japani, kuchapisha picha zake za hadubini ya elektroni mwaka 1991, ingawa Wasovieti walikuwa wameshachapisha picha za mirija ya kaboni mwaka 1952. Ukakamavu wa mrija mmoja ni karibu GPa (gigapaskali) 1,000. Chuma cha pua hakifiki hata GPa 210. Vipimo vya mwaka 2000 vya kuvuta nanotyubu za kuta nyingi (mirija iliyo ndani ya mirija), moja baada ya nyingine, vilipata nguvu ya GPa 11 hadi 63.

Sasa chukua epoksi ya GPa 3, tia nanotyubu asilimia 0.5 kwa uzito. Kwa ujazo hiyo ni kama asilimia 0.33, kwa sababu nanotyubu ni nzito kidogo kuliko epoksi. Zimelala ovyo pande zote, kwa hiyo mchango wake unagawanywa takriban kwa 6. Zidisha: 0.0033 × 1,000 ÷ 6 = GPa 0.55. Epoksi imetoka 3 ikawa 3.5, na hapo tumejifanya kila kitu kimekwenda sawa. Weka epoksi hiyo kwenye bamba la faiba za kaboni zilizolala upande mmoja, faiba zikiwa asilimia 60 ya ujazo, za GPa 230. Faiba peke yake zinachangia GPa 138. Epoksi tupu inaongeza 1.2, yenye nanotyubu inaongeza 1.4. Yaani bamba limetoka 139.2 kwenda 139.4. Mashine yako ya kuvuta haiwezi hata kuiona tofauti hiyo.

Kwa hiyo anayetaka nguvu ya kuvutwa kwa mwelekeo wa faiba, aongeze faiba. Nanotyubu zipelekwe mahali ambapo resini iko peke yake: katikati ya tabaka na tabaka, kwenye gundi ya viungo, pembeni mwa matundu ya bolti. Hapo faiba haina msaada, na hapo ndipo mabamba mengi yanapoanzia kufa, matabaka yanapoachana.

#2 · Atomu6

Umenena mkuu. Niongezee kwa nini zinasaidia hapo kwenye ufa.

Ufa ukipita kwenye epoksi tupu unateleza kama kwenye kioo. Ukikutana na nanotyubu iliyotawanywa vizuri, mrija unabaki umeshika kingo mbili za ufa, na ili ufa uendelee lazima mrija uchomolewe kwenye resini au ukatike. Kuchomoa kunakula nishati. Mirija ni mingi mno, kwa hiyo nishati inajumlishwa.

Sasa angalia urefu. Mrija unabeba mzigo wake wote kama una urefu unaozidi: nguvu ya mrija × kipenyo ÷ (2 × nguvu ya mshiko kati yake na resini). Weka GPa 30, nanomita 10, na mshiko wa MPa 50 (MPa 1,000 ni GPa 1). Unapata maikromita 3. Nanotyubu za kawaida za viwandani za kuta nyingi zina kipenyo cha karibu nanomita 10 na urefu wa wastani wa maikromita 1.5. Ni nusu tu ya urefu unaotakiwa! Ndiyo maana zinachomoka badala ya kukatika, na ndiyo maana faida yake kubwa ni ukinzani wa ufa kuliko nguvu ya kuvutwa. Ukizidisha mawimbi ya altrasoniki (mawimbi ya sauti ya kutawanyia mirija) zikakatika zikabaki maikromita 0.5, umejipunguzia hata hicho ulichokuwa nacho.

Kazi iliyofanyika Hamburg-Harburg, Ujerumani, ikachapishwa 2005, inaonyesha picha hiyohiyo: asilimia 0.5 ya nanotyubu za kuta mbili zilizopandikizwa amini (vikundi vya kemikali vinavyoshikana na epoksi) ziliongeza nguvu kwa asilimia 10, ukakamavu asilimia 15, na ukinzani wa ufa asilimia 43. Namba hizo tatu zinatosha kumwambia mtu atarajie nini.

#3 · Fundi_Bamba

Wakuu shukrani. Twende kwenye vitendo. Mtu ana epoksi, ana unga wa nanotyubu, ana kikorogeo cha kawaida cha drili. Aanze wapi?

#4 · Resini_na_Faiba

Mkuu Fundi_Bamba, aanze kwa kuweka drili pembeni.

Tatizo ni hili. Gramu 1 ya nanotyubu hizo ina uso wa karibu mita za mraba 250, uwanja mmoja na nusu wa voliboli. Mirija inavutana yenyewe kwa yenyewe, inajisokota kama nywele zilizoshikana, na resini haipenyi katikati. Drili inavunja bonge la milimita moja likawa mabonge ya maikromita 50, basi. Bonge la maikromita 50 ni mwanya mkavu ndani ya bamba, na ufa unaanzia palepale. Bamba linakuwa dhaifu kuliko lisilo na nanotyubu, halafu unga unalaumiwa.

Njia inayoaminika kwa epoksi ni mashine ya roli tatu, ileile ya kusagia wino na rangi. Roli zinazunguka kwa kasi tofauti, kawaida 1:3:9, na zinapishana kwa mwanya mdogo. Bonge likipita katikati, roli moja inalivuta huku nyingine inalivuta kule, linararuka bila kuikatakata sana mirija yenyewe.

Usisage kiasi cha mwisho moja kwa moja. Tengeneza kwanza mchanganyiko mama wa asilimia 2, kwa sababu ukiwa mzito roli zinauvuta vizuri zaidi. Ukiwa mwepesi unapita tu. Gramu 196 za epoksi bila hadena (kemikali ya kuigandisha), gramu 4 za nanotyubu. Lowesha unga kwa mkono taratibu kwenye kopo lenye kifuniko mpaka hakuna unga mkavu unaoonekana, halafu pitisha:

mara ya kwanza, mianya 120 na 40 (maikromita);
mara ya pili, 60 na 20;
mara ya tatu, 30 na 10;
mara ya nne mpaka ya sita, 15 na 5.

Uwiano wa mwanya wa kwanza na wa pili ubaki 3 kwa 1, vinginevyo resini inarundikana kwenye roli ya kati. Maji ya kupoza yazunguke ili roli zikae kati ya nyuzi 25 na 35. Zikipata moto resini inakuwa nyepesi na kazi haifanyiki tena, hata kama mashine inaendelea kuzunguka kwa sauti ileile. Hapo wengi wanachemka: wanapita mara 10 roli zikiwa za moto, wakati mara 6 kwa roli za baridi zingetosha.

Gramu kadhaa zitabaki zimeshika kwenye roli. Pima ulichokusanya, usipige hesabu kwa ulichomwaga.

#5 · BintiKemia

Na asiye na roli tatu? Vyuo vingi vina altrasoniki ya fimbo, roli tatu hawana.

Inawezekana, ila ina masharti. Kwanza tenganisha vitu viwili: ile beseni ya altrasoniki ya kusafishia vyombo haina nguvu ya kutosha kwenye resini. Inayozungumziwa ni fimbo ya titani, kilohezi 20, ncha ya milimita 13, inayozamishwa ndani.

Epoksi ya kawaida kwenye nyuzi 25 ina mnato wa paskali-sekunde 10 hivi, zaidi ya mafuta ya kastoro mara kadhaa. Vipovu vinavyofanya kazi ya kupasua mabonge havitokei vizuri kwenye kitu kizito hivyo. Ipashe mpaka nyuzi 45–50, kisha itunze hapohapo. Fimbo yenyewe inaleta joto, kwa hiyo kopo likae ndani ya maji, na mkono mwingine uwe na barafu ya kuongeza. Kundi moja lisizidi gramu 100 kwenye bika la mililita 250. Ncha izame sentimita 2 hivi, isiguse kitako. Washa sekunde 5, zima sekunde 5, nguvu nusu, jumla ya dakika 30 za kuwaka. Kila dakika 5 simamisha ukoroge kwa mkono, maana resini iliyo mbali na ncha haisogei yenyewe.

Ukizidisha, mirija inakatika, na ncha ya titani inalika na kumwaga chembe za chuma ndani ya resini. Ncha iliyochakaa ina sura ya matundumatundu, ukiipapasa inakwaruza. Isuguliwe au ibadilishwe.

Wengine wanapunguza mnato kwa asetoni. Hapa nawasihi muwe makini sana. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56 na mvuke wake unawaka moto hata kwenye baridi, na fimbo ya altrasoniki ni chanzo cha joto. Zaidi ya hapo, ikibaki asilimia moja tu ndani ya epoksi, bamba linalainika kwa joto la chini kuliko inavyotakiwa, na asetoni yenyewe inakwenda kushikana na amini za hadena kabla hazijashikana na epoksi. Ukilazimika kuitumia, ivukize kwenye sahani ya joto isiyotoa cheche, nyuzi 60, ndani ya kabati la kuvuta hewa, ikikorogwa muda wote, kisha vakyumu kwenye joto hilohilo. Pima uzito kila nusu saa. Uzito ukikaa palepale mara mbili mfululizo, asetoni imekwisha. Kunusa si kipimo.

#6 · Fundi_Bamba

Dada BintiKemia, nitajuaje kama zimetawanyika? Kwa macho yote ni nyeusi tu.

#7 · BintiKemia

Chukua tone dogo kama punje ya mtama kwa ncha ya kijiti, liweke kwenye kioo cha hadubini, funika kwa kioo cha pili, bana kwa vidole mpaka tone litanuke. Inua kuelekea dirishani. Mchanganyiko mbaya unaona mara moja: kijivu kilichofifia chenye nukta nyeusi, kama pilipili manga kwenye mchuzi mweupe. Mchanganyiko mzuri ni kama kioo cha miwani ya jua, kivuli kimoja laini kutoka ukingo hadi ukingo.

Halafu peleka kwenye hadubini, ukuzaji wa 100. Hesabu mabonge yanayozidi maikromita 10. Ukiona mengi kwenye kila uwanda wa kuangalia, rudi kwenye roli. Nukta chache za maikromita 2–5 hazina shida.

Rudia kipimo hicho baada ya kutia hadena, na hili linasahaulika. Mchanganyiko mzuri wa jana unaweza kujikusanya tena dakika chache baada ya hadena kuingia, hasa ukiwa na joto. Mnato ukishuka, mirija inapata nafasi ya kutafutana.

#8 · Resini_na_Faiba

Ahsante dada, hilo la mwisho ni muhimu sana. Ndiyo maana bamba la nanotyubu lisiingizwe kwenye joto moja kwa moja. Liache ligande kwenye joto la chumba saa 24, mirija ikwame ilipo, ndipo upandishe: nyuzi 80 kwa saa 2, kisha 120 hadi 150 kwa saa 2 kwa mfumo wa hadena ya isoforonidiamini. Hadena yako ikiwa nyingine, fuata karatasi ya mtengenezaji, ila hatua ya kugandisha kwa baridi iwepo.

Sasa hesabu ya hadena, maana inawaangusha watu kimyakimya. Tuseme epoksi ina uzito sawia 190, na isoforonidiamini 42.6, yaani gramu 190 za epoksi zinaungana kamili na gramu 42.6 za hadena. Gawanya: 42.6 ÷ 190 × 100 = 22.4. Kila gramu 100 za epoksi zinataka gramu 22.4 za hadena. Kwa epoksi jumla gramu 300, hadena ni 67.3, mchanganyiko wote gramu 367.3. Unataka nanotyubu asilimia 0.2: hiyo ni gramu 0.735. Mchanganyiko mama wako ni wa asilimia 2, kwa hiyo chukua gramu 36.7. Ndani yake kuna epoksi gramu 36. Ongeza epoksi tupu gramu 264. Jumla 300, sawasawa.

Mtu anayekokotoa hadena kwa zile 264 tu anapungukiwa gramu 8, yaani asilimia 12. Bamba litaganda, litang'aa, litaonekana zuri kabisa, lakini halijaiva, na vipimo vitasema nanotyubu zimelilainisha.

Baada ya kuchanganya mama na epoksi tupu, na kabla ya hadena, toa hewa: nyuzi 50–60, vakyumu, nusu saa. Tumia chombo kikubwa mara 4 ya ujazo wa resini kwa sababu povu linapanda. Resini yenye nanotyubu inashikilia vipovu kwa ukaidi. Ukiona povu limeporomoka, vipovu vikubwa vichache vinapasuka polepole juu, endelea dakika 10 nyingine.

#9 · Mkwaju_Pwani

Wadau, vipi kwa maboti ya faiba? Huku pwani wengi tunatumia poliesta, si epoksi. Na je, inawezekana kuvuta resini ya nanotyubu kwa vakyumu kupita kwenye kitambaa?

#10 · Resini_na_Faiba

Mkuu Mkwaju_Pwani, hayo ni maswali mawili.

Poliesta ina stairini ndani yake, nayo ndiyo inayoungana wakati wa kuiva. Altrasoniki na vakyumu vinaifukuza stairini. Utabaki na poliesta nzito isiyokauka vizuri juu, na hewa ya karakana ikiwa mbaya kupita kiasi. Kwa poliesta nunua mchanganyiko mama uliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya poliesta, uuchanganye kwa kikorogeo cha kasi chenye sahani ya meno, chombo kikiwa kimefunikwa. Na kwa boti la uvuvi la mkeka wa faiba ya kioo, kusema kweli, pesa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua resini ya vinilesta kwa tabaka la nje na roli nzuri ya kutoa hewa. Bamba lenye vipovu haliokolewi na nanotyubu.

La pili: kuvuta kwa vakyumu ni mtego. Resini ya kuvutwa inatakiwa iwe na mnato wa paskali-sekunde 0.2 hadi 0.5. Asilimia 0.5 ya nanotyubu inaifanya iwe kama uji wa ulezi: ikisukumwa inatiririka, ikiachwa inasimama. Na hata ikipita, kitambaa kinaichuja. Kwenye faiba ya kioo unaona kwa macho: karibu na mrija wa kuingizia bamba ni jeusi tii, sentimita 20 mbele ni kijivu, mwisho ni rangi ya asali. Nanotyubu zote zimekwama mlangoni.

Ukitaka lazima, baki kwenye asilimia 0.05 hadi 0.1, resini ipite kwa unene wa bamba badala ya kupita kwa urefu wake, na utandaze wavu wa kusambazia juu nzima. Lakini ipo njia bora kuliko kupigana na mnato.

#11 · Atomu6

Hiyo njia ni kuziweka nanotyubu mahali zinapotakiwa tu. Bamba la matabaka 16 lina mipaka 15, na mara nyingi unajua ni mpaka upi utaachana: wa katikati, au pale tabaka zinapoishia ndani ya bamba. Tawanya nanotyubu kwenye ethanoli kwa altrasoniki, gramu 0.5 kwa lita, dakika 20, kisha nyunyiza kwa bunduki ya kupulizia rangi juu ya kitambaa kikavu mpaka upate gramu 0.5 hadi 1 kwa mita ya mraba. Pima kipande cha kitambaa cha sentimita 20 kwa 20 kabla na baada. Ongezeko la miligramu 20 mpaka 40 ndilo unalotaka. Kausha nyuzi 60 kwa saa 1. Halafu panga matabaka na uvute resini tupu, nyepesi. Mirija imeshakaa kwenye nyuzi, haisafiri mbali.

Wakati wa kupulizia ndio wakati hatari kuliko yote kiafya, nitalirudia hilo.

Ipo daraja ya juu zaidi ambayo chuo cha MIT, Marekani, waliionyesha: msitu wa nanotyubu zilizosimama wima unahamishwa na kuwekwa kati ya matabaka ya faiba yaliyokwishalowekwa resini, ni kama kuyashona matabaka kwa nyuzi zisizoonekana. Matokeo yao ya 2008 yalionyesha ukinzani wa matabaka kufunguka ukipanda mara 1.5 hadi 2.5, na wa kuteleza mara 3. Faiba haziharibiki kama zinavyoharibika kwa kushonwa kwa sindano. Karakana ya kawaida haiwezi kuotesha msitu huo, lakini somo linabaki: mahali na mwelekeo vinashinda wingi.

#12 · MwanaMkonge

Naomba kuuliza kuhusu mambo mawili ya nyumbani. Kinywe (grafiti) cha Mahenge kinaweza kuwa chanzo cha nanotyubu? Na kompoziti (nyuzi ndani ya resini) ya mkonge, nanotyubu zitasaidia?

#13 · BintiKemia

Kinywe na nanotyubu wote ni kaboni, lakini njia ni mbalimbali. Nanotyubu za viwandani zinaoteshwa kutoka kwenye gesi kama ethilini au methani, juu ya chembe za chuma au kobalti, kwenye joto la nyuzi 600 hadi 900. Kinywe cha vipande vikubwa kama cha Mahenge kinafaa kutengenezea vibamba vyembamba vya grafini: unakitibu kwa asidi, unakipasha ghafla kinafura, kisha unakichambua. Vibamba hivyo navyo vinatiwa kwenye epoksi, na vinatawanyika kwa urahisi kuliko nanotyubu. Ni uzi mwingine unaostahili kuanzishwa.

Mkonge: shida yake kubwa ni maji na mshiko kati ya uzi na resini. Nanotyubu ndani ya resini hazigusi tatizo hilo. Loweka nyuzi kwenye sodiamu hidroksaidi ya asilimia 5, suuza mpaka maji yasiwe na utelezi, kausha kabisa kwa nyuzi 80 kabla ya resini. Hapo utaona mabadiliko ya kweli kwa gharama ndogo.

#14 · Fundi_Bamba

Na zile zenye alama ya COOH au NH2 zina ubora gani? Mtu anaweza kujitengenezea?

#15 · BintiKemia

Kuta za nanotyubu ni laini kikemia, resini haina pa kushika. Ukipandikiza vikundi vya COOH au amini, epoksi inapata vishikio na mshiko unapanda. Rudi kwenye hesabu ya Atomu6: mshiko ukipanda, urefu unaohitajika unapungua.

Kujitengenezea COOH ni asidi ya salfa na ya naitriki, 3 kwa 1 kwa ujazo, beseni ya altrasoniki, nyuzi 40–50, saa 1 hadi 3, kisha kuosha kwa maji yaliyochujwa mpaka pH ifike 6–7. Mchanganyiko huo unaunguza kila kitu na unatoa moshi wa kahawia wenye sumu, kwa hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, si ya karakana. Ukipitiliza muda, asidi inatoboa kuta na kukata mirija. Upitishaji wa umeme nao unashuka. Kisha ukiikausha kwa oveni inageuka jiwe jeusi ambalo roli tatu zenyewe zinalihangaikia. Ikaushwe kwa kugandishwa na kuvutwa vakyumu. Kwa mwenye karakana, nunua zilizotiwa NH2 tayari.

Wakati wa kununua omba karatasi ya vipimo: usafi (asilimia 90 ni kawaida, masalia ni chuma cha kuoteshea), kipenyo, urefu, eneo la uso. Unga wa nanotyubu ni mwepesi mno, gramu 1 inajaza mililita 10 hadi 15 au zaidi. Unga mweusi unaouzwa kwa jina hilo ukiwa mzito kama majivu mkononi, una sababu ya kuutilia shaka.

#16 · Atomu6

Nilisema nitarudi kwenye afya. Nawaomba wote mlisome hili.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, tangu 2013 inapendekeza kisichozidi maikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku ya kazi. Hiyo ni kidogo mno, huwezi kuiona wala kuinusa. Mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliweka aina mojawapo ya nanotyubu za kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Mirija mirefu na migumu ndiyo inayotia hofu zaidi, kwa kuwa inakaa mapafuni kama asbesto.

Barakoa ya hospitali haifai. Inatakiwa FFP3 au P100 inayobana uso, na ndevu zinaipitisha hewa pembeni. Glavu za nitrili mbili. Unga ufunguliwe ndani ya kabati la kuvuta hewa au mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye mizani ndani, na feni zote za chumba zizimwe. Ukimwagika, futa kwa kitambaa kilicholowa maji na sabuni, usipulize kwa kompresa, usifagie. Kitambaa kiingie kwenye mfuko, mfuko ufungwe. Mabaki ya resini yaivishwe kabla ya kutupwa. Kukata na kupiga msasa bamba lililoiva kufanyike kwa maji.

Ndiyo maana kwa karakana nyingi ushauri wangu ni mmoja: nunua mchanganyiko mama uliokwishasagwa kwenye epoksi. Unalipia zaidi, lakini sehemu mbaya kuliko zote, unga mkavu, haiingii mlangoni kwako.

#17 · Resini_na_Faiba

Naunga mkono asilimia mia.

Kuhusu kupima, msilinganishe bamba la nanotyubu na namba za kwenye karatasi ya resini. Tengeneza bamba la kulinganishia, resini tupu, nayo ipite kwenye roli zilezile mara zilezile, vakyumu ileile, joto lilelile. Kila bamba vipande visivyopungua 5.

Kipimo cha bei nafuu ni boriti fupi, kiwango cha ASTM D2344. Bamba la milimita 4: kata vipande vya urefu wa milimita 24, upana 8, nguzo zikae milimita 16, kasi milimita 1 kwa dakika. Kinakuambia kama matabaka yanateleza. Kipimo cha kufungua matabaka ni ASTM D5528: kipande cha milimita 125 au zaidi, upana 20 hadi 25, na katikati ya unene unaweka filamu ya tefloni isiyozidi maikromita 13 kabla ya kuvuta resini, iwe ndiyo ufa wa kuanzia, milimita 50 kutoka kwenye mstari wa mzigo. Paka ubavu wa kipande rangi nyeupe ya kusahihishia maandishi, chora mistari kila milimita 1, ufa utauona ukitembea. Filamu ikiwa nene, resini inajikusanya mbele yake na namba ya kwanza inatoka kubwa ya uongo.

Kingine cha bure: umeme. Epoksi tupu ni kizio. Ikitawanywa vizuri, asilimia 0.1 tu inaanza kupitisha. Kipande chenye 0.2 kisichopitisha chochote kwenye mita kina mabonge au kina upungufu wa nanotyubu. Upitishaji huo ni kazi kamili yenyewe. Chombo cha Juno kilichorushwa 2011 kwenda Mshtarii kilibeba karatasi za nanotyubu za kukinga umeme tuli. Kwa upande wa mzigo, Mei 2017 NASA ilirusha kwa roketi ya utafiti kutoka kituo chake cha Wallops tangi la gesi lililoviringishiwa kompoziti ya uzi wa nanotyubu. Pale nanotyubu zenyewe ndizo faiba, hazikuwa unga ndani ya resini, kwa hiyo msichanganye mambo hayo mawili mnapozisoma habari.

Upitishaji una upande wake wa pili: bamba hilo likigusana na alumini penye chumvi, alumini italika. Weka tabaka moja la faiba ya kioo katikati.

#18 · Fundi_Bamba

La mwisho wakuu. Mchanganyiko mama ukibaki, unatunzwaje?

#19 · BintiKemia

Bila hadena, kopo limejaa mpaka karibu na kifuniko, nyuzi 20 hadi 25, mbali na jua. Epoksi ya kawaida ikikaa kwenye baridi, kwa mfano store za nyanda za juu usiku wa Julai, inafanya chembe nyeupe kama sukari iliyoganda kwenye asali, ila ndani ya resini nyeusi hutaziona. Utazisikia kwa kijiti, kitako kinakwaruza. Pasha kopo zima nyuzi 55 mpaka kijiti kiteleze, koroga kutoka chini, acha lipoe. Kisha pitisha mara moja kwenye roli, 15 na 5, fanya kipimo cha vioo viwili, ndipo upime gramu za kazi.

#20 · Fundi_Bamba

Nimeelewa dada. Roli mara moja, vioo viwili, halafu mizani.